PV iko wapi?

Jambo yenu nyote. Wakubwa mliokaa mbele, maasistani mliosimama ukutani kama mnasimamia mtihani, na nyinyi wanafunzi mliojibana karibu na mlango kama watu waliokwisha kupanga njia ya kutokea: asanteni kwa kuja, na siku ya Jumamosi tena, wakati nusu ya Lubumbashi iko kwenye harusi.

Walionialika waliniomba nizungumze juu ya kesi za wanafunzi wanaopinga adhabu za vyuo vikuu kwa sababu ya udanganyifu katika mitihani. Kichwa kirefu. Kijana mmoja pale nje amenifupishia: "Metre," ndivyo wanavyotuita sisi mawakili, "mtu akikamatwa na kikaratasi, akishitaki chuo anaweza kushinda?" Nikamjibu kwamba anaweza. Alivyofurahi, nikajua huyu ana kikaratasi nyumbani.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kabla sijavaa toga ya uwakili nilikuwa asistani katika chuo kikuu kimoja. Sitakitaja, na wanaokijua wanyamaze. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, baridi yetu ile ya kiangazi inayowavalisha watu makoti mazito, na kila msimamizi anajua koti linavyoficha mambo. Ukumbi ulijengwa kwa watu mia mbili. Tulikuwa tumeingiza karibu mara mbili ya hao, wamebanana kama ndakala kwenye gunia. Kwenye mstari wa nne nikamwona kijana anageuzageuza biki yake kwenye mwanga wa dirisha. Biki ya kawaida, ile ya plastiki unayoona wino wake ndani. Ila kwenye hii wino haukuonekana. Ndani ya bomba kulikuwa na karatasi iliyoviringwa, imejaa maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Nikaruka. Nikamnyang'anya biki, nikaivunja mbele ya watu, nikaitoa ile karatasi, nikaichana vipande vipande na kuvitupa dirishani. Nikapiga mstari mwekundu juu ya kopi yake, ile karatasi ya majibu, kutoka kona hadi kona. "Toka nje!" Ukumbi kimya. Nilijiona nimetetea heshima ya elimu ya nchi nzima.

Wiki mbili baadaye jina lake likabandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo: amefukuzwa. Haikupita muda, akaja yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, mtu mpole, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili tu. "Asistani, hiyo karatasi iko wapi? Na iliandikwa nini?"

Iko wapi? Ilikwisha kufagiliwa pamoja na maganda ya karanga chini ya dirisha. Iliandikwa nini? Sikuisoma. Niliichana kabla ya kuisoma! Mbele ya jaji nisingeweza kula kiapo kwamba zilikuwa noti za kozi na si Zaburi, na nyinyi mnajua ni wangapi wanaingia mtihanini na Zaburi mfukoni. PV, ile ripoti inayoandikwa na kutiwa sahihi palepale, hakuna. Msimamizi mwenzangu aliona, lakini hakuna aliyeandika kwamba aliona. Chuo kikarudi nyuma, na kijana akafanya mtihani katika sesheni iliyofuata.

Nilikuwa na hakika kwamba alikopia, na hakika hiyo ninayo hata leo. Lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Hakika ya msimamizi inakaa kwenye karatasi yenye saa, majina na sahihi. Isipokaa hapo ni hasira tu. Na hilo ndilo jambo nililokuja kuwaambia: kesi hizi watu wanadhani zinaamuliwa kule Palais de justice, mbele ya majaji. Mara nyingi zimekwisha kuamuliwa ndani ya ukumbi wa mtihani, katika dakika kumi na tano za kwanza, kutegemea nani aliandika nini.

Wafaransa walikuwa na kanuni ambayo ingeniokoa siku ile. Ni dekreti yao ya mwaka 1992 juu ya nidhamu katika vyuo vikuu. Ilisema msimamizi akimkamata mtu anadanganya, akomeshe udanganyifu, lakini asimkatize mtihani. Mwanafunzi anaendelea kuandika mpaka mwisho. Vitu alivyotumia vinashikwa. PV inaandikwa, wasimamizi wengine wanatia sahihi, na aliyekamatwa naye anatia sahihi. Akikataa, inaandikwa kwamba amekataa. Wanaoweza kutolewa nje ni wale waliokaa mahali pa mtu mwingine, au wanaofanya vurugu mpaka mtihani hauendi.

Maasistani, naona mnakunja uso. Kwa nini mwizi aachwe amalize? Kwa sababu saa tatu za mtihani hazirudi. Ukimtoa nje saa tatu asubuhi, umekwisha kumhukumu wewe peke yako, na baraza la nidhamu likija kusema hana kosa halitakuwa na kitu cha kumrudishia. Ukimwacha aandike, kopi yake ipo, inasubiri. Baraza likisema ana kosa, kopi inafutwa. Likisema hana, inasahihishwa. Hujapoteza chochote isipokuwa ile raha ya kupiga kelele mbele ya watu, nami naijua raha hiyo.

Na PV yenyewe msiifanye kuwa ushairi. "Mwanafunzi alionekana na tabia ya mashaka" si PV. Andika: saa nne na dakika kumi, mstari wa nne, kiti cha dirishani, biki yenye karatasi ya upana wa vidole viwili, imeandikwa pande zote, maneno ya kwanza ni haya na ya mwisho ni haya. Weka biki na karatasi ndani ya bahasha, funga, muiandike sahihi juu ya gundi. Muulize mwanafunzi ana la kusema, na uandike alichosema hata kama ni uongo mtupu. Hasa kama ni uongo mtupu. Kesho akibadilisha maneno, utakuwa na yale ya jana.

Sasa tuingie kwenye sheria, na ninaomba mnivumilie nianzie Paris, kwenye kibanda cha magazeti.

Kulikuwa na mjane, Bibi Trompier-Gravier, aliyekuwa na kibali cha kuuza magazeti kwenye kibanda cha boulevard Saint-Denis. Wakuu wakamwondolea kibali kwa kosa walilosema amelifanya. Hawakumwita, hawakumwambia shtaka, hawakumsikiliza. Tarehe 5 Mei 1944, wakati jiji bado liko chini ya Wajerumani, Conseil d'Etat ya Ufaransa, mahakama yao ya juu ya utawala, ikabatilisha uamuzi ule: adhabu nzito namna hiyo haiwezi kumwangukia mtu kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Hawakusema kwamba mama yule hana kosa. Hilo hata halikuwa swali. Sisi huku, tuliopokea sheria ya utawala kupitia kwa Wabelgiji, tunafundishwa haki hiyo ya kujitetea mpaka leo, na mwanafunzi wa kampasi yetu ya Kasapa anayefukuzwa kwa karatasi ya valve anasimama mahali palepale aliposimama mjane wa magazeti.

Kwa upande wa Waingereza na waliorithi sheria yao, kesi ni nyingi mno. Nitachukua zile ninazozipenda.

Ya kwanza ni ya Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Mwaka 1952 mwanafunzi wa zuolojia, Bwana Fernando, alifanya mtihani wa mwisho. Msichana wa darasani akamshitaki kwamba alikuwa amejua kabla ya mtihani kipande cha Kijerumani kilichotolewa ili kitafsiriwe. Chuo kikaunda kamati. Kamati ikamhoji msichana bila Fernando kuwapo. Fernando naye akahojiwa peke yake, akaelezwa shtaka, akakana. Matokeo: amefungiwa mitihani yote ya chuo, bila mwisho kutajwa. Akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu kabisa ya kwao ikampa haki. Chuo kikapanda hadi London, kwenye Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1960 London ikampa haki chuo.

Kwa nini? Hapa ndipo wanafunzi mfungue masikio. Majaji walisema kamati haikulazimika kumleta msichana yule mbele ya Fernando bila kuombwa. Lakini wakaongeza kwamba mambo yangekuwa mazito zaidi kwa chuo kama Fernando angeomba kumuuliza maswali akakataliwa. Hakuomba! Miaka minane ya kesi, kutoka Colombo hadi London, na jiwe aliloliangukia ni sentensi moja ambayo hakuitamka: "Naomba kumhoji huyo anayenishitaki." Mimi kila mteja anayeitwa mbele ya baraza la nidhamu namwandikia sentensi hiyo kwenye karatasi na kumwambia aisome kwa sauti, na aombe iandikwe. Wengine wanaona haya. Wanasema, "Metre, nikiomba hivyo profesa atakasirika." Atakasirika, ndiyo. Omba.

India wana kesi mbili ambazo ukizisoma pamoja zinakupa somo zima. Katika ile ya kwanza, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu kabisa ya kwao mwaka 1962, vijana watatu wa Uttar Pradesh walikuwa wamefaulu mtihani wa mwaka 1954. Baadaye bodi ya mitihani ikafuta matokeo yao na kuwazuia mtihani wa mwaka uliofuata, bila kuwauliza neno. Bodi ikajitetea kwamba hakuna sheria inayoilazimisha kumsikiliza mtu. Majaji wakasema: unapomtia mtu doa la udanganyifu na kumharibia maisha, unafanya kazi ya hakimu, hata kama jina lako ni bodi, na hakimu lazima asikilize.

Ya pili ni ya Bihar, mwaka 1970. Kituo kimoja cha mitihani kilitoa ushindi wa kama 80 kwa mia, wakati vituo vingine vilikuwa karibu 50. Kopi zilifanana kama mapacha. Bodi ikafuta mtihani wa kituo kizima na kuwaambia wote warudie. Wanafunzi 36 wakashitaki: hatukusikilizwa! Safari hii majaji wakakataa. Hakuna aliyeitwa mwizi hapa, walisema. Hakuna aliyefukuzwa wala kupigwa doa. Ni mtihani ndio ulioharibika, na mtihani ulioharibika unarudiwa. Kuwasikiliza mmoja mmoja kungekuwa kazi isiyo na mwisho.

Nawaletea hii kwa sababu hapa kwetu tunazo zote mbili na tunazichanganya. Maswali yakivuja, promosheni nzima, yaani darasa zima la mwaka ule, inajua. Kuwarudishia wote mtihani kunakera, nauli inapotea, lakini sheria inaweza kukubali. Kuchukua mstari mzima wa watu kumi na wawili na kuwaandikia wote sufuri na kufukuzwa kwa sababu telefone ililia mahali fulani katika mstari ule, hapo umevuka. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema katika jinai hakuna anayeshitakiwa kwa tendo la mwingine. Baraza la nidhamu si mahakama ya jinai, najua. Ila sijaona hoja ya heshima inayoweza kunifanya niamini kwamba lililo haramu kwa jaji wa jinai ni halali kwa sekretere wa fakulte.

Na kopi mbili zinazofanana, tuseme. Kosa lilelile, kwenye swali lilelile, hata koma imekaa mahali pamoja. Ushahidi upo kwamba mmoja amemtazama mwenzake. Yupi? Niliwahi kuona wote wawili wameadhibiwa sawasawa, na yule binti aliyeibiwa majibu analia kwamba yeye kosa lake ni kuwa na mwandiko mkubwa. Plani ya viti ingemaliza ubishi kwa dakika mbili. Plani haikuwapo.

Nigeria nitaipitia haraka kwa sababu si kesi ya mtihani, lakini ina mafunzo kwetu. Chuo kikuu cha Maiduguri, mwaka 1983, wanafunzi walifanya fujo, mali ikaharibiwa. Kati ya walioharibiwa nyumba alikuwa naibu wa mkuu wa chuo. Nani akaongoza bodi iliyochunguza? Yeye mwenyewe. Mwaka 1986 Mahakama Kuu kabisa ya Nigeria ilibatilisha kufukuzwa kwa wanafunzi wale: aliyechomewa nyumba hawezi kukaa kiti cha hakimu, hata angekuwa malaika. Sasa jiulizeni hapa: profesa aliyemkamata mwanafunzi, aliyeandika ripoti, halafu anakaa ndani ya baraza, anauliza maswali na kupiga kura. Nimeona baraza la namna hiyo likifanya kazi bila mtu kushtuka. Tumelizoea kama shimo la barabarani.

Na zipo kesi ambapo neno "udanganyifu" ni fimbo ya kulipizia jambo jingine. Akina dada wanaelewa. Aliyekataa kwenda kuchukua pointi zake mahali pasipokuwa ofisi, wiki inayofuata anakutwa "anatazama kwa jirani". Ndiyo maana nasisitiza msimamizi wa pili, sahihi ya pili. Si karatasi za kupenda urasimu. Ni ulinzi wa msichana, na ni ulinzi wa profesa mwema pia, ambaye hataki kusingiziwa.

Haya, na Kongo yetu? Nakwenda polepole hapa kwa sababu mitandaoni kuna mawakili wengi wa bure.

Mtu atawaambia: kifungu cha 19 cha Katiba kinakupa avoka, yaani wakili, basi ingia kwenye baraza la nidhamu na avoka wako, wakikataa wamekwisha. Kisomeni chote. Maneno yale ya kusaidiwa na mtetezi umtakaye yanazungumzia ngazi zote za mwenendo wa jinai. Ukilipiga mezani mbele ya baraza la fakulte, sekretere mwerevu atakusomea mstari huohuo na utakaa chini. Mimi naegemea zaidi kifungu cha 61, kinachosema hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziguswi. Kama haziguswi wakati wa vita, zitaguswaje wakati wa sesheni ya pili? Halafu soma kanuni za ndani za chuo chenyewe na maagizo ya wizara ya mwaka huo wa masomo. Mara nyingi vimeandika wenyewe kwamba mwanafunzi anasikilizwa, ila hakuna aliyevifungua tangu vilipopigwa chapa. Kesi tamu kuliko zote ni ile ambayo chuo kimevunja maandishi yake mwenyewe.

Mlango wa kupita ni sheria nambari 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, inayopanga mahakama za utawala. Swali la kwanza nitakalokuuliza ofisini si kama ulikopia. Ni: uamuzi umetiwa sahihi na nani, na ulijulishwa lini? Sahihi inatuambia tunaenda mahakama gani. Vitendo vya wakuu wa utawala wa kati vinapelekwa Conseil d'Etat yetu, Kinshasa. Na Katiba, kifungu cha 224, inaziachia Cours d'appel, mahakama za rufaa, kazi ya mahakama za utawala za ngazi yao hadi hizo zitakapofunguliwa. Ukiwa chuo cha binafsi, huenda njia ni nyingine kabisa, ya mkataba: ulilipa minervali, ile ada ya masomo, walikupa kanuni, nani amevunja kanuni? Kugonga mlango usio wako ni njia ya uhakika ya kupoteza mwaka.

Na tarehe inatuambia kama umechelewa. Kabla ya mahakama, lazima kwanza umwandikie yuleyule aliyekuadhibu, umwombe abadilishe au afute uamuzi wake. Una miezi mitatu tangu ulipojulishwa. Ajibu, asijibu, sheria imepanga muda ambao kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa, na hapo ndipo unapopata ruhusa ya kusonga. Barua hiyo isiwe ya matusi. Iwe na nakala, na kwenye nakala hiyo mapokezi wapige muhuri na tarehe. Bila muhuri, hujaandika.

Nini kinawamaliza wanafunzi wetu hapa? Branshima. Badala ya kuandika, familia inatafuta mjomba anayemjua mtu aliyesoma na rekta. Mjomba anasema, tulieni, nashughulikia. Mwezi mmoja. Rekta yuko safarini. Mwezi wa pili. Mjomba anaomba kidogo cha mafuta ya gari. Mwezi wa tatu mtu anasema, jambo limefika pazuri. Mwezi wa nne wanakuja kwangu. Nimewaona wasio na kosa lolote wakifa kwa njia hiyo, na hakuna jaji anayeweza kumfufua mtu aliyeacha siku zake zikapita kwa kumsubiri mjomba. Kama mnamwamini mjomba, sawa, mwacheni mjomba afanye yake. Barua ipelekwe siku hiyohiyo.

Mtu amenong'ona kwamba mahakama zinachelewa, na kesi ikiisha wenzako wamekwisha kuoa. Ni kweli. Ndiyo maana sheria ileile ya 2016 ina taratibu za dharura, za kuomba uamuzi usimamishwe wakati kesi yenyewe inangoja. Si rahisi kuzipata. Lakini asiyeomba hapewi, kama Fernando.

Mjue pia jaji hatakupa nini. Hatakupa pointi. Marekani, mwaka 1961, mahakama ya rufaa iliwarudishia haki wanafunzi weusi wa Alabama waliofukuzwa bila kusikilizwa, baada ya kwenda kukaa na kudai kuhudumiwa chakula kwenye mkahawa wa jengo la mahakama ya Montgomery. Tangu hapo vyuo vya serikali kule vinajua kwamba kufukuza kunatakiwa kuwe na shtaka lililojulishwa na kusikilizwa. Lakini mwaka 1978 mwanafunzi wa udaktari wa Missouri, aliyeondolewa kwa sababu walimu walimwona hafai kazi hiyo, alishindwa mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Kupima uwezo wa mtu ni kazi ya mwalimu, walisema, na jaji hana mizani hiyo. Nidhamu ni jambo jingine, kwa maana hapo swali ni la ukweli: alifanya, hakufanya? Kwa hiyo ukija kwangu na 8 juu ya 20 ukisema profesa anakuchukia, nitakupa chai. Ukija na sufuri iliyoandikwa kando yake "udanganyifu", hapo kaa, tuzungumze.

Na ukishinda, jaji anafuta uamuzi. Chuo kinaweza kuanza upya siku inayofuata, safari hii kwa kukuita na kukusikiliza. Kama ile karatasi ipo ndani ya bahasha yenye sahihi, utafukuzwa tena, na mimi sitakuwa na la kusema. Kijana wa mlangoni, bado unacheka?

Niguse jambo jipya kidogo, maana naona simu nyingi mikononi. Siku hizi shtaka haliji na kikaratasi. Linaja na mashine. Mwalimu anaweka kazi yako kwenye programu, programu inasema imeandikwa na akili bandia. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi hayo, ikakiondoa mwezi wa saba 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima chombo cha namna hiyo cha kampuni ya Turnitin. Walipiga hesabu: mwaka 2022 walipitisha kazi 75,000, kama chombo kinakosea hata 1 tu kwa mia, ni kazi kama 750 za watu wasio na kosa. Na watafiti wa Stanford, mwaka huohuo wa 2023, walipojaribu vyombo saba vya namna hiyo kwenye insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayeandika lugha ya darasani hutumia maneno yaleyale machache, sentensi zilizonyooka.

Sasa mfikirie mtoto wa Katuba. Nyumbani Kiswahili, kwa bibi Kiluba au Kibemba, Kifaransa ni cha shule, cha sentensi zilizonyooka. Mashine itamwona vipi? Asilimia iliyotoka kwenye skrini haiwezi kuhojiwa, haina sahihi, haikuwapo ukumbini. Kama ndiyo shahidi pekee, dai rasimu zako ziangaliwe, dai uulizwe juu ya kazi yako mdomo kwa mdomo. Nusu saa ya maswali mazuri inaonyesha nani aliandika kuliko programu yoyote. Na maasistani, msinikasirikie: nusu saa hiyo ni kazi, najua, na mshahara nao najua.

Nitawaacha na mgeni wangu wa juzi. Mama mmoja kutoka Katuba, muuza mboga, alikuja na mfuko wa plastiki. Akaumimina mezani: risiti za minervali tangu mwaka wa kwanza, kadi ya mwanafunzi, bultini, picha ya mtoto amevaa suti. Katikati yake kulikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu picha ya valve, jina la mwanawe, neno moja: udanganyifu. "Mwanangu," aliniambia, "hawakumwita. Tumeona tu jina." Nikatafuta saa na siku picha ilipopigwa. Ilikuwa siku ya themanini na nne. Niliita sekretere wangu, tukaandika barua papo hapo, kurasa mbili, mama akatia alama ya kidole ya upande wa wazazi na kijana akatia sahihi yake. Saa tisa na nusu ofisi ya chuo inafunga; kijana alipanda pikipiki saa tisa kasoro kumi. Saa tisa na dakika ishirini akanitumia picha ya nakala: muhuri wa bluu, umekaa upande, tarehe inasomeka.

Kama alikopia au hakukopia, bado sijamuuliza. Kesho ana miadi.

Basi, kuna maswali, na najua umeme unaweza kukatika wakati wowote. Lakini kabla ya maswali, aliye na barua ya adhabu mfukoni aje hapa mbele kwanza, na aniambie aliipata tarehe ngapi.